Mlango wa Pili wa Nyumba ya Mshangano

Risala ya Kikundi cha Majirani wa Nyumba ya Mshangano, Manispaa ya Songea, kwa mgeni rasmi, Bi. Tamari, Mkurugenzi wa Huduma za Familia wa Shirika la Kiyahudi la Huduma za Jamii. Inasomwa na katibu wa kikundi, Kunegunda Mapunda.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wetu wa Mtaa, Baba Paroko, Sheikh wetu, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliokaa hata juu ya ndoo zilizopinduliwa kwa kuwa viti vya kukodi havikutosha:

KARIBU SONGEA

Mgeni rasmi, shalom. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Katika nyumba hii salamu zote tatu zilikuwa zinapigwa kwa pamoja, na aliyeingia aliitikia ile aliyoiweza.

Pole na safari. Umetukuta mwezi wa Juni, baridi yetu inapoanza kuuma, na tumeona ulivyojikunja ndani ya mtandio wako. Usione haya. Mama Rifka naye, mwaka wa kwanza, alishuka kwenye basi na magauni mepesi kwa sababu huko kwenu walimwambia Afrika ni joto. Jioni ile ile Zena binti Nassoro, mwenzetu wa hapa, aliyehamia kutoka Tunduru na kuuza maandazi pale njia panda, alimwona anatetemeka akampa kitenge cha kujitanda. Kwa hiyo, mgeni rasmi, kwa kumbukumbu zako, mtu wa kwanza kupokea msaada katika nyumba hii alikuwa mtu wenu.

Tunaomba radhi pia kwa urefu wa risala hii. Mwenyekiti wa kikundi, Bwana Saleh, alitaka ukurasa mmoja. Tulijitahidi, lakini tulipofika kwa Mama Rifka kalamu ilikataa kusimama. Noela anakutafsiria pembeni hapo. Ukimwona amesita, si kwamba hajui Kiingereza. Naye amelelewa humu.

TULIKOTOKA

Mwaka 2004 shirika lenu lilimleta Mama Rifka, mtaalamu wa ustawi wa jamii, mjane wa miaka hamsini na minane, akae Songea miaka miwili. Alikaa kumi na sita. Alipanga nyumba hii ya tofali za kuchoma, wakati huo pembeni yake ni mashamba ya mahindi matupu na bodaboda hazijulikani. Tuseme kweli, wengi wetu Wayahudi tulikuwa tunawajua kwenye vitabu vya dini tu. Bibi mmoja wa Majengo alimwuliza kama aliwahi kumwona Musa. Mama Rifka akamjibu kwa adabu kwamba hakumwahi, ila mama yake alikuwa anamsimulia mambo yake kama ya jirani.

Wengine tuliuliza kwa siri kama amekuja kutubadilisha dini. Siri ya Mshangano haikai, ikamfikia. Alisema dini yake haina haja ya kuongeza idadi ya watu, ina kazi ya kutosha na hao iliyonao.

Mgeni rasmi, laiti ungetuona Ijumaa za wakati ule. Saa kumi jioni Zena alikuwa keshatoa mkate kwenye tanuri la mkaa, mkate uliosukwa mikia mitatu, ambao Mama Rifka alimfundisha kuusuka na Zena akamzidi mwalimu. Watoto wa mtaa waliuita mkate wa nywele. Jua likikaribia kuzama kwenye vilima vya Matogoro, Mama Rifka aliwasha mishumaa miwili dirishani, akaziba macho kwa viganja, akasema maneno yake taratibu. Baada ya hapo ofisi imefungwa mpaka Jumamosi giza liingie, na hata mwenye shida kubwa alikaa naye tu, hakuandikiwa kitu. Mpaka leo Mshangano mtu akitaka kupumzika anasema, "Leo ni Jumamosi ya Mama Rifka, msinisumbue."

Tulicheka sana nyumba hii. Fundi wetu, Hironimus Ngonyani, ni Mkatoliki na mfugaji wa nguruwe. Kila siku ya sherehe alilalamika kwamba katika kamati ya chakula ameshindwa kwa kura, maana Zena Mwislamu na Mama Rifka Myahudi walikuwa wamoja dhidi ya sufuria yake. Tukaishia kula kuku miaka kumi na sita. Tunawakumbuka kuku wale, na tunamkumbuka aliyekuwa anagawa mapaja kwa wageni akabaki na shingo.

Sasa tufike kwenye mlango.

Nyumba ina stoo upande wa mashariki, na stoo ilikuwa na mlango mmoja unaotazama barabara. Mwezi wa tatu tangu afike, Mama Rifka alimwita Hironimus avunje ukuta wa nyuma, atoboe mlango mwingine unaotazama mahindi. Hironimus alikataa. Alimweleza kwamba stoo yenye milango miwili ni karamu ya wezi. Ndipo Mama Rifka akamsimulia jambo la wazee wa kwao wa kale: kwamba palikuwa na chumba kimoja, mwenye nacho aliingia akaacha alichonacho, asiye nacho akaingia akachukua alichohitaji, na hakuna aliyemwona mwenzake. Mtoaji hakujua amempa nani, na mpokeaji hakujua ainamishe kichwa kwa nani.

Hironimus alifikiri, akasema, "Mama, huku kwetu mtu akikusaidia halafu asijulikane, watu wanasema ni mchawi."

Mama Rifka akamwambia basi wawe wachawi wote wawili. Mlango ulitobolewa kwa siku mbili.

TULIYOYAONA

Ratiba ya stoo ilikuwa hivi, na ndivyo ilivyo hadi sasa. Jumanne na Alhamisi unafunguliwa mlango wa barabarani, mwenye unga, maharage, dagaa, sabuni au nguo anaweka rafuni na kwenda zake. Jumatano na Jumapili alfajiri unafunguliwa mlango wa pili, unaotokea kwenye mahindi, na aliyepungukiwa anaingia mmoja mmoja, anachukua kiasi cha nyumba yake. Hakuna daftari. Benchi la kupumzikia tulilihamisha upande wa pili wa nyumba ili mtu asikae pale anapoweza kuona.

Wapo waliosema watu watabeba stoo nzima. Mwaka wa kwanza tulikaa roho juu. Hakuna aliyebeba stoo nzima. Kitu tulichokuja kukielewa polepole ni kwamba Songea hii, yule anayepita mbele mwezi wa Julai na debe la mahindi mapya, Februari mvua ikiwa imekolea na ghala limebaki vumbi, anaweza kupita nyuma. Hatukuwa makundi mawili. Tulikuwa watu wale wale katika miezi tofauti.

Kulikuwa na mengine. Kulikuwa na kabati la kuazima: magongo, kiti cha magurudumu, vyandarua, kitanda cha mtoto mchanga kilicholaza zaidi ya watoto arobaini. Kulikuwa na koti moja jeusi la suti, la marehemu mume wa Mama Rifka, ambalo vijana walilivaa kwenda kwenye usaili wa kazi. Koti hilo limeajiriwa mara kumi na moja, mgeni rasmi. Mmoja wa walioajiriwa nalo amekaa meza kuu leo. Hatutasema ni yupi, na tunaomba msimtazame yeyote kwa muda mrefu.

Kulikuwa na chumba cha mazungumzo, ambamo mume na mke waliingia hawasemeshani wakatoka wanagombana, na Mama Rifka akatuambia hayo ni maendeleo.

Na kulikuwa na namna yake ya kukaa msibani. Sisi tukifika kwenye msiba tunasema pole, tunasema Mungu amempenda zaidi, tunasema jikaze. Yeye aliketi chini mkekani, karibu na mfiwa, akanyamaza mpaka mfiwa mwenyewe aseme neno. Alituambia kwao ndivyo wanavyofanya kwa siku saba. Mama mmoja aliyezika mtoto alikaa naye hivyo siku nne bila neno. Ya tano akaanza kusema, akasema mpaka jua likazama. Mama huyo alituruhusu tuandike alichokisema baadaye: "Ninyi mlinipa maneno yenu. Yeye aliniachia ya kwangu."

Mwaka 2020 macho ya Mama Rifka yalianza kufifia na watoto wake wakamwita nyumbani. Asubuhi ya kuondoka tulimsindikiza hadi stendi, mtaa mzima, na kondakta akadhani tumekuja na maiti. Alikuwa amejitanda kile kitenge cha Zena, kimepauka mpaka maua hayaonekani. Hatukupata tena mtu wa namna ile, na tunasema hivyo mbele yako bila kumkosea heshima yeyote aliyekuja baada yake.

TULIPOKOSEA

Mgeni rasmi, kwenye risala mahali hapa huandikwa changamoto, na changamoto huwa ni barabara mbovu na maji. Barabara ni mbovu na maji yanakatika, Mheshimiwa Diwani anajua. Lakini tulikubaliana kukueleza jambo ambalo hatujawahi kuliandika katika taarifa yoyote tuliyowatumia.

Huku kwetu shukrani inasemwa kwa sauti. Harusini tunatangaza kwenye kipaza sauti nani kaleta sufuria na nani kaleta blanketi, na mwenye blanketi anasimama apigiwe vigelegele. Asiyetajwa ananuna mwaka mzima. Kwa hiyo ule ukimya wa stoo, kwa kweli, ulitukereketa muda mrefu. Tuliuvumilia kwa ajili ya Mama Rifka. Alipoondoka, mwaka 2021, tukasema sasa tuwashukuru watu kikwetu. Tukaweka daftari mlango wa mbele kwa watoaji, na kwa kuwa tulikuwa tumeanza, tukaweka la pili mlango wa pili kwa wapokeaji. Jina, sahihi, na picha ukiwa umeshika ulichopewa. Bwana Saleh alikuwa na simu mpya. Picha zikawa zinarushwa kwenye kundi la mtaa kila Jumatano, na maneno ya kushukuru chini yake. Hatukuwa na ubaya wowote. Tuliona tunawaheshimu watu.

Mwezi wa kwanza wa madaftari hayo walikuja. Uliofuata walipungua. Ulipofika wa tatu, nao ulikuwa Februari ya mwaka mpya, unga uliingia wadudu rafuni kwa kukosa wa kuuchukua. Na sisi, mgeni rasmi, tulifurahi. Tuliketi katika chumba hiki hiki tukawaandikia kwamba uhitaji Mshangano umepungua sana. Tuliambatanisha picha. Mlitujibu kwa pongezi, tukaiweka barua yenu kwenye fremu.

Machi Zena alikuwa anazungusha mkate kwa wazee, akapita kwa Hironimus. Fundi wetu alikuwa amepooza mkono wa kulia tangu mwaka uliotangulia, hajengi tena, na nguruwe wote walikuwa wameshakwisha. Zena alimkuta amebandika sufuria ya mapapai mabichi, ndicho chakula chake cha jana, na cha juzi. Alikuwa amekonda, suruali kaifunga kwa kamba ya katani. Zena akamwuliza kwa nini haji stoo.

Hironimus akasema, "Nilikuwa nakuja. Mlango ule nimeutoboa mwenyewe, nikawa napita. Sasa mmeweka picha. Mimi nimejenga nusu ya nyumba za mtaa huu, Zena. Siwezi kuonekana kwenye simu za watu nimeshika kilo mbili za unga."

Zena alirudi akatuita wote, akatuambia maneno hayo, akakaa chini akalia. Nasi tulilia, wengine kwa huruma, wengine kwa aibu. Tulianza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliokuwa wameacha kuja. Hatutakueleza tuliyoyakuta. Madaftari yote mawili tuliyachoma kwenye tanuri la mkate, picha zikafutwa, na Bwana Saleh alikwenda mwenyewe kwa kila aliyempiga picha kuomba msamaha. Ilichukua karibu mwaka mzima watu kurudi.

Tulimwandikia Mama Rifka tukakiri yote. Binti yake alimsomea, akatuandikia jibu lake. Lilikuwa swali moja: "Hironimus anakula?"

Anakula, mgeni rasmi. Amekaa pale nyuma, mwenye kofia ya sufu, na ndiye aliyetuambia tumtaje jina. Mama Rifka alifariki Agosti iliyopita akiwa ameshajua kwamba Hironimus anakula.

Lakini ninyi hatukuwaandikia. Tuliona haya kuishusha ile fremu ukutani. Na mwezi wa Machi mwaka huu tulipokea barua yenu inayosema kwamba, kwa kuwa utaratibu wa daftari na picha ulileta mafanikio makubwa Mshangano mwaka ule, utarejeshwa na kuwa wa kudumu. Kila mpokeaji atasajiliwa na kupigwa picha, na mlango wa pili uzibwe kabla ya mwisho wa Julai ili wote wapite sehemu moja. Matofali mliyoagiza yameshafika. Umeyapita ulipoingia getini. Hukumu hiyo tuliiandika sisi wenyewe kwa mkono wetu, kwa taarifa isiyo ya kweli, na ndiyo maana leo hatukuweza kuimaliza risala kwa ukurasa mmoja.

TUNACHOOMBA

Tunaomba mlango wa pili usizibwe.

Tunajua huko kwenu kuna watu wanaotoa kwa moyo, nao wana haki ya kujua vitu vyao vimefika. Hesabuni magunia. Njooni mwone rafu zilivyo Jumanne na zilivyo Jumatano. Mtumeni mtu yeyote, wakati wowote, bila taarifa. Ila watu wetu msiwahesabu kwa nyuso zao. Na jambo hili hatuwafundishi sisi, mgeni rasmi. Tulifundishwa na ninyi, na tunaogopa mmelisahau upande wenu kama tulivyolisahau upande wetu.

Matofali yasirudishwe. Tanuri la Zena limepasuka, na Hironimus amesema atasimama akielekeza kwa mkono wa kushoto mpaka jipya liishe.

Ombi la mwisho si la shirika, ni lako wewe. Tumesikia kwamba kwenu kaburini hawaweki maua, wanaweka jiwe dogo kuonyesha kwamba mtu alifika. Sisi hatuwezi kufika. Juzi tulipanda Matogoro, tukaokota jiwe moja, halizidi yai la kuku, na Zena ameliosha na kulifunga kwenye kipande cha kitenge. Tunaomba utubebee. Ukifika pale usiseme ni la nani. Yeye atajua.

KWA KUHITIMISHA

Mgeni rasmi, ratiba uliyoshika inasema kwamba risala ikiisha wanufaika wa nyumba hii wasimame, uwaone, na mpiga picha afanye kazi yake. Mstari huo ulitoka ofisini kwenu. Tumeujadili jioni tatu. Wako waliotaka tukatae, lakini mgeni hakataliwi, na ratiba imeshapigwa chapa.

Tumekubaliana hivi. Mimi, Kunegunda Mapunda, nasimama hapa tayari, kwa hiyo kwangu imekwisha. Wengine wote: kila aliyewahi kupita mlango wowote wa stoo ile, wa barabarani au wa kwenye mahindi, asimame sasa.

Ukiinua macho, mgeni rasmi, utaona hakuna aliyebaki kitini. Tafadhali tazama na meza kuu. Hutaweza kujua nani alileta na nani alichukua, na mpiga picha naye hataweza.

Na tunakuomba nawe usimame. Asubuhi ulipofika unasikia baridi na mlango wa mbele ukiwa umezibwa na viti, tulikuzungusha nyuma, ukapitia kwenye mahindi makavu, ukaingia stoo, Zena akakupa mkate wa moto ukaula wote umesimama.

Mungu wa Ibrahimu, Ibrahimu huyo ambaye wote humu tunamwita baba kila mmoja kwa namna yake, akulinde njiani, ampumzishe Mama Rifka, na atupe mvua kwa wakati wake.

Ni sisi,
Kikundi cha Majirani wa Nyumba ya Mshangano,
Songea.

Asubuhi ile pale stoo, mgeni rasmi, hakuna aliyekupiga picha.